Chale Mpya ni Kidonda Kabla ya Kuwa Pambo

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Methali hii nimeitumia darasani kwa miaka mingi kama mfano wa kauli fupi yenye uzito mkubwa, nisijue kwamba siku moja ingenirudia mimi mwenyewe, tena sebuleni kwangu.

Siku chache zilizopita alinitembelea mpwa wangu, kijana wa miaka 21 anayesoma katika chuo kimoja hapa Nairobi. Jua lilikuwa kali, lakini yeye alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono. Nilipomwona akipokea kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo marehemu mama yake asingelivumilia, nilimwagiza akunje shati. Akasitasita, kisha akakunja. Ndani ya mkono wa kulia, kutoka kiganjani kuelekea kwenye kiwiko, palikuwa na jina la mama yake, yaani dada yangu, limechorwa kwa wino mweusi. Ngozi iliyolizunguka ilikuwa imevimba na kung'aa, na usaha ulikuwa ukichuruzika kutoka kwenye herufi ya mwisho.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa upole, akitazama chini: "Mjomba, wewe mwenyewe ulisema mezani kwamba mtu anayejichora mwili amepungukiwa na akili." Naam, nilisema. Tukaenda hospitali jioni ile ile. Akasafishwa kidonda na kupewa dawa za kuua viini, na daktari akatuonya kwamba tungechelewa siku mbili tatu zaidi, kijana angelazwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja. Kila mara suala la vijana kuchorwa miili linapozuka, sisi wazazi na walezi hujadili kama ni halali au haramu, adabu au utovu wa adabu. Dini zina hukumu zake, na kila nyumba ina desturi zake; mimi sikushika kalamu ili kuamua shauri hilo. Swali langu ni hili: baada ya kijana kwisha kuchorwa, nani humwambia namna ya kuuguza mwili wake?

Kama mwanaisimu, nilirudi kwenye maneno. Wengi wetu hulisema neno 'tatoo' kana kwamba jambo lenyewe limeshuka na ndege juzi. Lakini Kiswahili kina 'chale', na kina kitenzi 'kutoja', maana yake kukata ngozi ili kuacha alama. Neno 'nembo', ambalo leo tunalitumia kwa alama ya taifa au ya kampuni, lilikuwa pia na maana ya alama ya kabila iliyochanjwa usoni au mwilini. Wamakonde wa Msumbiji na Tanzania walisifika kwa chale za uso zilizosuguliwa masizi ili zibaki nyeusi. Hata 'chanjo' tunayowapeleka watoto kupata kliniki imetokana na 'kuchanja'. Lugha yenyewe, basi, inatukumbusha jambo ambalo neno la kigeni linatusahaulisha: kwamba hapa pana kukata, na palipo na kukata pana kidonda.

Wapo watakaosema kwamba hina nayo ni mchoro na haijamdhuru bibi harusi yeyote. Hoja hiyo haisimami. Hina hukaa juu ya ngozi na kufutika kwa majuma machache. Sindano ya mchoraji hupenya tabaka la juu na kuuweka wino katika tabaka la pili, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Hapo seli za ulinzi wa mwili huja kupambana na mgeni na kuumeza wino huo. Watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha mwaka 2018, kwa kuwachunguza panya, kwamba seli hizo zinapokufa huuachia wino na seli nyingine changa huumeza tena. Ndiyo maana alama hudumu. Kwa hiyo anayetoka kwa mchoraji hatoki na picha tu. Anatoka na maelfu ya matundu madogo ambayo kila moja ni mlango wa viini.

Mpwa wangu hakuambiwa lolote la maana. Aliyemchora alimfunika kwa karatasi ya plastiki, akapokea fedha, akamwita mteja mwingine. Kijana akaiacha plastiki ile siku tatu, jasho likichacha ndani yake, akidhani inamlinda. Alipoanza kuwashwa akauliza marafiki. Mmoja akamshauri apake spiriti, mwingine dawa ya meno. Mtu mzima hakumuuliza hata mmoja, kwa sababu mtu mzima aliyekuwa karibu naye zaidi alikuwa mimi.

Kwa hivyo naandika hapa yale ambayo ningepaswa kumwambia. Kwanza, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chale mpya. Kifuniko cha kwanza kiondolewe baada ya muda ambao mchoraji ameutaja. Ikiwa ni plastiki ya kawaida, huo aghalabu ni muda wa saa chache, si siku. Osha mahali hapo kwa maji safi yenye uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, bila kusugua, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, kiasi kidogo tu. Spiriti na dawa ya meno zikae mbali, kwani huchoma ngozi inayojaribu kujiunga.

Baada ya siku chache ngozi itakauka, itabambuka na kuwasha. Vigaga visibanduliwe wala kukunwa. Anayebandua kigaga hung'oa na wino, tena hualika kovu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, kwa kuwa ngozi yetu huelekea zaidi kuota yale makovu yanayoumuka na kukua kupita mipaka ya jeraha. Aliyewahi kuota kovu la namna hiyo afikirie mara mbili kabla ya kumkaribia mchoraji. Nguo ziwe pana, na jua kali liepukwe mpaka ngozi ipone. Sehemu ya juu hupona kwa majuma mawili au matatu hivi. Iliyo chini huchukua muda mrefu zaidi.

Katika muda huo hakuna kuogelea, iwe ni kidimbwi, ziwa au bahari. Nawasihi hasa vijana wanaochorwa siku chache kabla ya likizo ya Mombasa au Malindi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya mtu wa miaka 31 aliyeogelea katika Ghuba ya Meksiko siku tano baada ya kuchorwa mguuni. Ini lake lilikuwa tayari na maradhi. Bakteria wa maji ya chumvi walimwingia, na hatimaye akafariki. Tukio hilo ni nadra, lakini somo lake ni la kila mtu.

Maumivu na uvimbe mdogo wa siku mbili tatu si ajabu. La kuogopwa ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, harufu mbaya na homa. Vitabu vingi hutaja wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane vyema. Gusa kwa upande wa juu wa kiganja usikie kama pana joto linaloenea. Ukiona dalili hizo, nenda hospitali. Na ikiwa unashuku kwamba sindano ilitumiwa kwa mtu mwingine kabla yako, mwambie daktari bila kuficha, maana homa ya ini na virusi vya Ukimwi husafiri kwa damu, na zipo hatua zinazofaa tu zikichukuliwa mapema.

Kwa wachoraji nina ombi moja. Mpeni kila mteja maagizo ya uuguzaji kwa maandishi, tena kwa Kiswahili chepesi. Wateja wenu si wanafunzi wa vyuo pekee. Wamo makanga, wachuuzi na mafundi wa jua kali. Maneno tunayo: kigaga, usaha, uvimbe, kovu. Hakuna istilahi ya kusubiri kamati. Nao maofisa wa afya wa kaunti, wanaokagua mikahawa na vinyozi, waulize maagizo hayo wanapopita.

Kwa wazazi na walezi wenzangu, sisemi tubariki tusilolipenda. Nasema tutenganishe hukumu na uuguzi. Ukiwa umekwisha kumkemea mtoto, mwachie mlango wa kurudi kukuonyesha kidonda. Mimi niliufunga mlango huo kwa sentensi moja niliyoitamka mezani, nikiwa nimeshiba, bila kujua kwamba aliyeketi mbele yangu alikuwa akiwaza namna ya kubaki na jina la mama yake.

Mkono wa mpwa wangu umeanza kupona. Daktari anasema herufi ya mwisho itabaki na kovu. Kila jioni huja kwangu, tukaiosha pamoja.