Mwongozo wa Programu Huria Ukae Wapi? Hoja kutoka Mbeya na Iringa

1.0 Utangulizi

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi, na ambayo leseni yake humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Wataalamu wa Kiswahili wamezishughulikia programu hizo hasa kwa upande wa istilahi. Miongozo yake, yaani maandishi yanayomweleza mtumiaji namna ya kuzitumia, haijapewa uzito unaostahili. Na swali la pahala pa kuihifadhi aghalabu huachiwa mafundi. Makala haya yanadai kuwa swali hilo ni la kiisimu pia, kwa sababu pahala mwongozo unapokaa ndipo panapoamua kama lugha yake itaendelea kulingana na kitu kinachoelezwa.

2.0 Funzo la Jambo OpenOffice

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba Kiswahili kinamudu kazi za ofisi katika kompyuta. Hata hivyo, programu yenyewe haikusimama pale ilipokuwa. Mwaka 2010 sehemu ya waendelezaji wake walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka 2011 OpenOffice.org ikakabidhiwa kwa Apache Software Foundation. Mwongozo wowote ulioandikwa kwa ajili ya toleo la 2004, kisha ukawekwa kando ya programu, hauwezi kumfaa mtumiaji wa leo: unamwelekeza kwenye menyu ambazo huenda hazipo tena.

Tatizo hili si geni katika historia ya istilahi. BAKITA lilichapisha vijitabu vya Tafsiri Sanifu kuanzia miaka ya 1970, na TUKI ikatoa kamusi za istilahi za fani mbalimbali. Kazi hizo ni za thamani kubwa, lakini orodha inayokaa mbali na matumizi hupitwa na matumizi. Yalipendekezwa maneno ngamizi na tarakilishi. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania neno kompyuta ndilo lililotawala.

3.0 Misimamo mitatu

Kuna misimamo mitatu kuhusu suala hili. Wa kwanza unataka mwongozo wa Kiswahili ukae katika idara ya chuo kikuu, chini ya uangalizi wa wanalugha. Wa pili unataka ukae pahala pa wazi ambapo kila mtu anaweza kuurekebisha papo hapo. Wa tatu unataka ukae katika hazina ileile ya msimbo, ubadilike toleo kwa toleo pamoja na programu.

Msimamo wa kwanza unalinda usanifu, lakini unautenga mwongozo na kitu unachokieleza. Wa pili unakaribisha wengi, lakini haumhakikishii msomaji kuwa anasoma habari za toleo alilonalo. Wa tatu ndio wenye mashiko. Iwapo menyu inasema hifadhi na mwongozo unasema tunza, mwanafunzi hupotea. Yakikaa pamoja, anayebadili neno moja hulazimika kulikabili na la pili. Desturi hii ina mizizi mirefu: tangu mwaka 1971 mfumo wa Unix ulikuwa na mwongozo wake, na baadaye kurasa zake zikawa zinasomwa ndani ya mfumo wenyewe.

4.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la vitendo. Mhadhiri wa Kiswahili katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, huenda hajui kutumia Git. Na mtaalamu wa programu katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya huenda hana ujuzi wa kuhariri matini. Hilo ni kweli, lakini jibu lake ni ushirikiano. Mhadhiri aandike kwa zana aliyoizoea, na mwenzake aingize matini hayo katika hazina. Pahala pa kuandikia na pahala pa kuhifadhia si lazima pawe pamoja.

Pingamizi la pili linahusu intaneti. Inasemekana kuwa hazina iliyo mtandaoni haimfai mwalimu wa Makete au Ileje. Kwa hakika hoja hii inaunga mkono msimamo wa tatu. Mwongozo uliomo ndani ya programu husafiri nayo katika flashi na kufunguka pasipo mtandao. Ulio katika tovuti ya idara haufiki.

Pingamizi la tatu, ambalo ndilo zito, halisemwi hadharani. Vigezo vya kupandisha vyeo vimezoea kuthamini makala na vitabu. Mwanalugha anayetoa miezi sita kwa mwongozo ulio katika hazina ya msimbo hana cha kuonyesha. Ndiyo maana idara hupendelea kuwa na tovuti yake yenye nembo yake. Lakini hazina ya msimbo huweka kumbukumbu ya kila badiliko, pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe yake. Isimu yenyewe imekwisha kuingia huko: kitabu cha Bastian Persohn kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa, kilichotolewa na Language Science Press mwaka 2017, kinapatikana bure, na mchapishaji huyo huweka wazi hata mafaili ya kupangia vitabu vyake. Hakuna aliyesema kuwa hicho si kitabu.

5.0 Hitimisho

Nakala asilia ya mwongozo wa Kiswahili haina budi kukaa pamoja na msimbo. Nakala za kusomwa zienee popote zinapohitajika. Vyuo vya Mbeya na Iringa vina wanalugha na wataalamu wa kompyuta katika ukanda mmoja, na vinaweza kuanza na programu moja, faharasa moja na mwongozo mmoja. Kamati za vyeo nazo zikubali kuihesabu kazi hiyo kuwa ya kitaaluma. Zisipofanya hivyo, Kiswahili kitaendelea kupata miongozo mizuri ya programu ambazo hazitumiki tena.