Grisi Kabla ya Gharama

Gurudumu la tela likichomoka barabarani, husemwa kuwa ni ajali. Sisi twasema ni uzembe uliokuwa ukingoja siku yake.

Matela ya kubebea boti huvutwa mpaka beringi zikapata moto, kisha hutumbukizwa baharini. Chuma kikipoa ghafla, hewa iliyomo ndani hunywea na kuvuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili. Grisi hugeuka nyeupe mfano wa maziwa, kutu huingia, na mwisho wake gurudumu hukwama au huwaendea wapita njia.

Dawa yake si ngeni kwa mafundi wetu. Beringi hufunguliwa, huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa na kukaguliwa. Yenye kutu hutupwa. Iliyo nzima hushindiliwa grisi mpya baina ya rola zake, sili hubadilishwa, na nati hukazwa kwa kiasi, gurudumu lizunguke bila ya kuchezacheza. Hayo yatendwe angalau mara moja kwa mwaka, na zaidi kwa tela liingialo baharini.

Zanzibar ina Sera ya Uchumi wa Buluu tangu 2020. Lakini sera haishushi boti majini. Tela ndilo lishushalo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kila ofisi yenye tela imteue fundi wa kuwajibika na iweke daftari la matengenezo. Asiyetenga fedha ya kopo la grisi atatafuta ya ekseli nzima, na huenda akatafuta ya mazishi.