Pikipiki Ikikohoa Mlimani, Usianze kwa Kuulaumu Mlima

Ndugu msomaji, juma hili tuliache jiko kidogo, tuzungumze juu ya chombo kinachokula fedha za nyumba nyingi za askari: pikipiki.

Jirani yetu mmoja hapa Kaberebere, askari polisi, alikuwa akimpelekea mama yake dawa huko Kabale. Kila alipoanza kupanda, injini ilikohoa, moshi mweusi ukafuka, na petroli ya kwenda na kurudi ikaishia njiani. Fundi akamwambia kuwa hiyo ndiyo desturi ya milima, kwa hiyo anunue kabureta nyingine. Fedha pekee iliyokuwamo nyumbani ilikuwa ya karo ya mtoto.

Ni kweli kwamba hewa ya milimani ni nyepesi. Injini huhitaji petroli na hewa kwa kipimo. Hewa ikipungua, petroli huzidi, haiungui yote, na masizi huganda kwenye plagi. Lakini tupige hesabu. Mbarara ipo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kabale hukaribia mita 2,000. Hewa iliyo 100 Mbarara huwa kama 94 Kabale. Upungufu huo hupunguza nguvu kidogo tu. Hauwezi peke yake kuizima pikipiki iliyo nzima.

Mwizi alikuwa vumbi. Jirani yetu hupita mara kwa mara njia ya kwenda Nakivale, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia kila mahali. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kabisa. Pikipiki ilikwisha kukosa pumzi hapa hapa nyumbani. Mlima uliifichua tu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mfuko, fuata utaratibu huu.

Kwanza, fungua chujio. Likiwa la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke, ulipake mafuta ya injini kidogo na kulikamua. Likiwa la karatasi, likung'ute polepole, usilioshe. Likichakaa, nunua jingine. Kamwe usiendeshe bila chujio ili injini “ipate hewa”, kwani vumbi litaisaga silinda.

Pili, fungua plagi injini ikiwa imepoa. Rangi ya hudhurungi ni dalili njema. Weusi wa masizi ni petroli kuzidi. Weupe ni petroli kupungua na joto kupita kiasi.

Tatu, injini ikizimika baada ya mwendo fulani, fungua kifuniko cha tangi. Ikiwaka tena na kwenda vizuri, huenda tundu la hewa la kifuniko limeziba. Lisafishe.

Nne, mwaga petroli iliyomo katika bakuli la kabureta kwenye chupa safi ya kioo. Maji yakiwamo, yatatuama chini.

Haya yote yakiwa sawa, na ikiwa umehamishiwa milimani kwa muda mrefu, hapo ndipo fundi aweke jeti ndogo zaidi. Ukirudi bondeni, airudishe ile ya kwanza. Petroli ikiwa chache mno, injini hupata joto na pistoni yaweza kuungua.

Kina mama nao wana sehemu yao. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa na sigara. Petroli isiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa, kwani mtoto mwenye kiu hasomi rangi.

Jirani yetu aliosha chujio, akasafisha plagi, akafika Kabale na dawa. Karo ikalipwa. Ndugu msomaji, kipande cha sabuni kilitosha. Kwaheri hadi juma lijalo.