Roboti zijaribiwe kwenye tope letu


Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu roboti ndogo zinazojiendesha zenyewe.

Mwaka 1997 Wamarekani waliteremsha Sojourner kwenye sayari ya Mirihi, kigari cha magurudumu 6 chenye uzito wa kilo 11 hivi. Amri kutoka duniani huchelewa kufika huko, hivyo kilikwepa mawe chenyewe. Hapa nchini, mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe kutoka Mwanza: kilometa 60 kwa dakika 40, wakati kwa barabara ni kama saa 6.

Ni vyema. Lakini huku vijijini Mugumu adui yetu wakati wa masika si mawe wala ziwa, ni udongo mweusi. Hunata mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na pikipiki ikabebwa na mwenyewe! Mama aliyejifungua akivuja damu hawezi kungoja njia ikauke.

Nashauri vijana wa vyuo vyetu wanaounda roboti waje kuzijaribu hapa mwezi Aprili, si kwenye sakafu ya saruji. Itakayofikisha chupa moja ya dawa zahanati tutaipokea kwa vigelegele. Ikikwama, wanafunzi wangu wa darasa la saba wataisukuma.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mugumu, Serengeti.