Ukitaka korongo aruke, ngoja
Msee, wacha kurushia makorongo wa Mombasa Road mawe ndio uwapate wakiruka. Kule juu kwenye migunga kuna viota. Mimi pia niliwahi kurusha, na nilichopata ni picha ya mkia ukitoroka.

Ngoja tu. Korongo huinama kidogo kabla ya kuruka; hapo ndipo unabonyeza, kasi ikiwa 1/1000 ya sekunde au zaidi. Lenga jicho, na umwachie nafasi mbele ya mdomo, asionekane kama anagonga ukuta. Nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, maana mchana anga nyeupe humgeuza kivuli. Na kama una simu tu? Usimvute karibu kwa vidole, picha itaharibika. Mpige na mti wake wote, matatu zikipita chini.