Kofia za Baridi Ziruhusiwe Mstarini

Singida yetu iko katika uwanda wa kati, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake wa alfajiri kila mgeni huufahamu siku ya kwanza. Sisi wa kidato cha nne tunaobaki kambini mwezi wa Juni twaujua zaidi. Sweta tunaruhusiwa. Kichwa lakini lazima kiwe wazi, nacho kimenyolewa kwa mujibu wa kanuni.

Siipingi kanuni ya kunyoa. Inaleta usafi, na mtoto wa tajiri hafahamiki. Lakini aliyeondoa nywele yafaa afikirie cha kuweka badala yake. Mwaka huu nimewaona wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakivuta kola za sweta hadi masikioni, na kutolewa mbele kwa kosa hilo.

Husemwa kwamba mzula ni vazi la vijiweni na utaharibu nidhamu. Je, askari wa Urusi hawana nidhamu? Nao wamevaa ushanka, kofia ya manyoya yenye mabawa mawili ya kufunika masikio. Hata jina lake limetoka katika neno la Kirusi la masikio. Kabla yake jeshi la Kisovieti lilivaa kofia ya kitambaa kizito yenye ncha juu, iliyoenziwa kwa kuwa ilikumbusha siku za mapinduzi. Walipopigana na Wafini katika baridi kali ya 1939 hadi 1940, kofia hiyo haikuwafaa, na Wafini walikuwa na kofia za manyoya. Mwaka uleule wa 1940 wakuu wa jeshi wakaibadili.

Linalonipendeza zaidi ni kanuni yao. Askari hateremshi mabawa apendavyo. Huruhusiwa baridi ifikapo nyuzi 10 chini ya sifuri. Kabla ya hapo mabawa hufungwa juu ya utosi. Hivyo wote hufanana, na hakuna anayepoteza sikio.

Baridi yetu si ya Moscow, najua. Hapa maji ya ndoo hayagandi. Wala kondoo wetu hawana sufu ndefu ya kushonea kofia kama hizo. Mzula wa kufuma watosha. Dada zetu Waislamu husimama mstarini na hijabu, nao ni nadhifu kupita sisi sote, wala sijasikia kwamba mstari umeharibika.

Naomba basi walimu wetu wafikirie mzula wa rangi ya sweta yetu, usio na maandishi, uvaliwe Juni hadi Agosti, tangu kuamka hadi kengele ya kipindi cha kwanza, na tena wakati wa kujisomea usiku. Wapo watakaoficha simu humo (tunafahamiana). Viranja wakague mizula kama wanavyokagua masanduku.

Jambo moja naliogopa: mzula usije ukaandikwa katika fomu ya kujiunga kuwa sharti. Orodha ile tayari ina godoro, ndoo na jembe, na mzazi anayelima alizeti anajua uzito wa kila mstari. Aliye nao avae, asiye nao asiadhibiwe. Wenzetu kadhaa wa kidato cha tatu wanajua kufuma kwa sindano mbili, nao wamesema watatufundisha siku za Jumamosi, nyuzi zikipatikana.