Adabu ya Uwanjani na Adabu ya Mwenyeji

Hagadera hakuna gofu. Kambi hiyo ya Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1992, ina mchanga tele, ila si ule ambao mchezaji husawazisha kwa reki akishautoa mpira wake shimoni. Gofu, aghalabu, haina refa wa kumfuata mchezaji. Hujihesabia mapigo na kujitia adhabu mwenyewe. Tangu 2019, adabu zilizokuwa sura ya pembeni zimeingizwa ndani ya kanuni zenyewe.

Msomali husema edeb, Mswahili adabu. Sote tulichota kisima kimoja cha Kiarabu. Kwa zaidi ya miaka thelathini mkimbizi amehimizwa adabu za mgeni. Za mwenyeji je? Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itaifunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kuwa hatua hiyo ilikiuka Katiba. Huyo ni mchezaji aliyesubiri refa (na refa mwenyewe alichelewa miezi tisa). Ndipo ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2021, yenye maneno mazuri. Lakini kijana aliyezaliwa Hagadera, akasomeshwa kwa mtaala wa Kenya, Kiswahili kikiwamo, bado huomba kibali ili atoke kambini.